Mwaridi wa Bibi

Mama ni fundi cherehani. Juu ya mashine yake ametundika kalenda ya miaka kumi na miwili iliyopita, kwa ajili ya picha moja tu: bustani maarufu ya mawaridi ya nchi hii ya ugenini ninakofulia mashuka ya hospitali. Nilipomtumia tiketi nilidhani anakuja kuniona mimi. Kumbe!

Alikuja na swali. Mwaridi uliopandwa mlangoni na marehemu bibi ulikuwa haujatoa ua miaka sita, na sasa ulikuwa unakauka. Mama aliumwagilia, akautilia samadi, akauombea dua. Wapi!

Basi tukaenda bustanini. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama hakungoja ya tatu. Nageuka, namkuta amepiga magoti anang'oa magugu ya watu. Mtunza bustani, mzee mwenye udongo kuchani, akaja mbio. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini mzee aliyatazama yale magugu, mizizi yake imetoka mizima, akacheka, naye akapiga magoti.

"Muulize mwaridi wangu una nini," mama akaniambia, akimwonyesha picha kwenye simu.

Nikatafsiri. Mzee akauliza, "Mara ya mwisho aliupogoa lini?"

"Kuukata?" Mama akashtuka. "Mwanangu, ule aliupanda mama yangu. Nitaukataje?"

Mzee akamshika mkono, akampapasisha makovu ya mkasi kwenye miwaridi yake mwenyewe. Kila mwaka, alisema, hadi usawa wa goti. Usipopogolewa hujisonga kwa matawi makavu.

Njia nzima mama aliitazama ile picha kwenye simu. Mtu aliyekata magauni ya maharusi miaka thelathini bila mkono kutetemeka, anaogopa kichaka.

Aliporudi nyumbani aliukata huku analia. "Kimebaki kisiki," alinipigia. "Huyo mzee wako akiwa amenidanganya, nakuja kumpogoa yeye."

Miezi mitatu baadaye simu ikalia, nami nina mashuka mikononi. Hata salamu hakunipa.

"Bibi yako amechanua," alisema. "Maua manne. Nenda kamwambie yule mzee asante. Usimpigie simu, mwanangu. Nenda."

Nikamwomba msimamizi ruhusa, nikaenda na aproni yangu ikiwa bado imelowa.