Mgeni wa Koti Kavu

Kabla hujaniambia nilikuwa ndotoni, jua kwanza kwamba ilikuwa saa nane mchana na nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu miwili. Sikuwa na homa. Pombe situmii. Niliyoyaona niliyaona, na kama huniamini, shauri yako, mimi sitapunguza neno hata moja.

Mume wangu alikuwa fundi wa injini za boti pale Kisumu, na tulikuwa tumepanga nyumba Migosi. Alipofariki tulimzika kwao, upande wa Bondo, nami nikabaki huko na watoto wetu wawili kwa sababu maisha ya mjini peke yangu nisingeyaweza. Sasa, kule kuna desturi. Mjane haanzi kupanda mpaka arithiwe, yaani ndugu wa marehemu, au mwanamume mwingine aliyekodiwa, aingie nyumbani mwake kwanza. Na kwa kuwa mume wangu alikuwa kifungua mimba, shemeji zangu nao hawakuruhusiwa kutia mbegu ardhini kabla yangu. Boma zima lilikuwa linangoja jembe langu. Umeuona mtego huo? Nikikataa mimi, wanalala njaa wote.

Nilikataa. Nilisema nimeokoka, na Mungu aliyenipa watoto atanipa cha kuwalisha. Maneno hayo ni matamu sana ukiyasema kanisani. Hebu yaseme mvua ikiwa imeshanyesha mara kadhaa, majirani wako mashambani, nawe unakoroga uji mwepesi hadi unaona kitako cha sufuria.

Mama mkwe si mtu mbaya, usije ukamchukia. Alikuja akaketi mlangoni pangu, akaniita binti wa Seme, kwetu nilikozaliwa, akasema, "Nyar Seme, mimi nakupenda. Lakini hawa watoto wakishikwa na chira, nitaambia watu nini?" Chira ni ile laana ya aliyevunja mwiko, humkondesha mtu mpaka ananyauka. Nikamjibu, "Mama, chira ikija itanikuta nimepiga magoti." Akatikisa kichwa akaenda zake. Nilipofunga mlango nililia, maana niliogopa mno. Sikuomba muujiza siku hiyo. Niliomba tu nguvu ya kukataa na kesho pia.

Kesho yake mvua ilishuka kutoka ziwani, ile ya kupiga mabati mpaka humsikii aliye karibu nawe. Watoto walikuwa shuleni. Hata hivyo nikasikia wazi mtu anabisha, nikafungua. Alikuwa mwanamume mrefu wa makamo, koti jeusi amelikunja mkononi. Nikajua mara moja kwamba wamemkodi. Mtu wa kazi hiyo hutafutwa mbali, asikojulikana, anaingia kwa mjane, kisha anaondoka zake. Kwa hiyo sikushtuka, nilikasirika.

"Nani amekutuma?" nikamuuliza.

"Nimekuja kufungua hii boma," akasema kwa upole. "Sitaki kulala hapa, mama. Hata chai sitaki. Wacha tu nitundike koti kwa msumari, kesho unapanda."

Hapo ndipo nilipokosea. Badala ya kumfungia mlango, nilibishana naye. Kusema kweli, ombi lake lilikuwa dogo. Wapo Wakristo wanaofanya hivyo siku hizi: koti linatundikwa usiku mmoja badala ya mwanamume kulala, wazee wanaridhika, na hakuna aliyemgusa mwenzake. "Mungu hawezi kasirikia koti," akasema. "Watoto wako wanakula nini? Ni Yeye amewanyima chakula ama ni wewe?" Kila nililosema alikuwa na jibu, na majibu yake yalikuwa mazuri kuliko yangu. Nikajikuta naangalia ukuta, natafuta msumari. Mimi, niliyeshuhudia mbele ya kanisa zima.

Akaona nimelegea, akasogea. "Nipishe basi, Inspekta," akasema, na sauti ilikuwa ya mume wangu.

Sasa nisikilize vizuri. Jina hilo mume wangu alinipa kwa kunitania, kwa vile kila alichonunua lazima nikikague. Alilitumia tukiwa wawili tu chumbani. Watoto hawakulijua, mama yake hakulijua. Ndipo nikamtazama mtu yule sawasawa. Mlangoni pangu hapana kibaraza, na mvua ilikuwa inammwagikia tangu tuanze kuongea. Hakuwa na tone. Viatu vikavu, na lile koti lilikuwa na vumbi. Mbwa wetu, anayebwekea hata kuku, alikuwa amejikunyata chini ya meza, amejikojolea.

Ungefanya nini? Najua, ungekimbia. Mimi nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Kunijaribu kwa njaa, sawa, njaa naijua. Lakini kuniibia sauti ya mume wangu? Nikachukua jembe na kikapu cha mbegu, nikampita pale pale mlangoni. Baridi ilimtoka kama unapofungua friji ya samaki. Nikaingia shambani kwenye mvua, nikachimba shimo la kwanza, nikatia mahindi, nikafukia. Nikaomba kwa sauti kuishinda mvua, wala haikuwa sala nzuri. Nilisema, "Mungu, kama ni kufa nife na jembe mkononi, lakini huyu haingii kwangu."

Alitembea ukingoni mwa shamba, sambamba nami. "Ile mtoto yako ndogo ndiyo itaanza kuugua," akasema. Nikachimba shimo. "Hata hawa watu hawatakuzika." Nikachimba shimo. Sikumjibu tena. Nilipofika mwisho wa mstari nikageuka, na hakuwapo. Katika matope yote yale kulikuwa na nyayo zangu peke yake.

Nikamwendea mama mkwe nikiwa nimelowa chapachapa, nikamuuliza walimtoa wapi mtu yule. Akashangaa. "Hatujatuma mtu, nyathina, mwanangu. Tulikuwa tunangoja ukubali kwanza." Nikamweleza yote. Akaenda kuita wanawe. Asubuhi yake, kwa kuwa mbegu yangu ilikuwa imeshatangulia ardhini, shemeji zangu wote walikuwa shambani na wake zao, na hakuna aliyenisema.

Usidhani baada ya hapo mambo yalininyookea. Viwavi walikula nusu ya mahindi. Mtoto wangu mdogo aliugua malaria akalazwa, na watu wakanong'ona kuhusu chira. Nilikaa kando ya kitanda chake na Mungu wangu mpaka akapona. Watu huniuliza, je, kama angekufa? Ningemzika nikilia, na msimu uliofuata ningepanda. Na kuna kitu mgeni yule aliondoka nacho. Nikilikumbuka jina langu la utani leo, nalisikia kwa kinywa chake, si kwa cha mume wangu. Hilo nitamdai mbele za Mungu.

Mwaka huu alinijia mjane mmoja kutoka ufuoni mwa ziwa. Alikuwa amesikia kisa changu, akaniomba nimweleze sura ya mgeni huyo. Nilipomaliza, akasema ni yuleyule. Kwake mgeni alikaribishwa. Alitundika koti, akashukuru, akaenda. Baadaye akarudi na kofia, kwa vile koti tayari lipo. Kisha akaleta viatu. Mara ya mwisho amemwambia atakuja na kitanda chake.

Kwa hiyo wewe unayenisoma, akikufikia, hatakuja na pembe. Atakuja na upole, na atakuomba kitu kidogo mno hata uone aibu kumnyima. Mnyime. Usibishane naye, ana majibu kuliko wewe. Mwite Mungu kwa maneno yoyote uliyo nayo, ushike kazi iliyo mbele yako, na kama machozi ni lazima, lia huku unalima.