Siku Mma Kelapile Alipomtazama Mamba

Jumamosi, 14 Juni. Baridi kavu tangu alfajiri. Upepo haukuwapo, na mto Khwai ulitulia mno.

Mma Kelapile, jirani yangu katika mji wetu wa Molepolole, ni mshonaji na ni Mkwena. Mamba ndiye mnyama wa ukoo wao: hawamuui, hawamgusi, hawamtazami. Amtazamaye huiva macho yakavimba, na wapo ambao, inasemekana, hawakupona. Mma Kelapile aliliogopa hilo kuliko wote, maana macho yake ndiyo yanayomlisha.

Safari hii ya mbugani aliipanga mwanawe Oteng, ili bintiye Wame, wa miaka mitano, aone tembo kabla ya kuanza shule. Mimi niliwapikia. Tulishuka garini kunywa chai kwenye uwazi karibu na mto.

"Oteng, chai yako inanuka moshi," alisema Mma Kelapile.

"Kunywa tu, Mama. Cha bure hakina kasoro."

"Cha bure? Na yale maandazi ya magwinya uliyoyamaliza njiani, alikukaangia nani? Tembo?"

Wame alicheka, akaenda zake ukingoni kusuuza kikombe. Hakuna aliyemwangalia.

Ndege wakanyamaza. Oteng alielekeza kidevu kwenye mchanga wa ng'ambo.

"Mkubwa yupo. Geuzeni macho."

Waligeuka, wakatema mate kwa desturi ya ukoo wao. Mimi nilikuwa nimeinamia moto. Tukasikia maji yakipokea kitu kizito, taratibu, bila kishindo.

"Wame yuko wapi?" Mma Kelapile aliuliza.

"Nimegeuka, Bibi!" sauti ilijibu kutoka ukingoni. "Na macho nimefumba!"

Oteng aliduwaa, kiganja kikiwa bado usoni. Mama yake alikuwa ameshageuka. Mchanga wa ng'ambo ulikuwa mtupu. Mtoto alisimama ameupa mto mgongo, na nyuma yake macho mawili yalikuwa yakija juu ya maji. Mma Kelapile aliteremka akiyakazia yake, bila kupepesa, akamkamata Wame kwa sweta na kumvuta. Mamba akayapasua maji pale kikombe kilipoanguka.

Jioni Mma Kelapile hakula.

"Umemtazama, Mama," Oteng alinong'ona.

"Nimemtazama. Naye amenitazama."

Asubuhi iliyofuata macho yake yalikuwa mekundu, yamevimba hadi kope hazifunguki. Alinipa sindano nimtungie uzi. Kisha akambana Wame katikati ya magoti yake, akaanza kushona kwa kupapasa kifungo cha sweta kilichong'oka.