Divai ya Mto Duero Niliyoipasha Moto

Tarehe kumi na nne Septemba 1958 nilimpoteza mume wangu. Mapafu yalimuuma wiki tatu tu. Nilibaki na nyumba yetu katika mtaa wa wafanyakazi, Kolwezi, na mzabibu mmoja nyuma ya jiko, ambao alikuwa ameukata mpaka ukabaki kigogo.

Sikusoma sana. Misheni walinifundisha kusoma na kushona. Lakini mizabibu ya mto Duero naijua, kwa sababu niliishi na mtu ambaye hakuchoka kuitaja.

Alikuwa mtunza bustani wa Mhispania mmoja, msimamizi wa zege kwenye bwawa la Nzilo. Mhispania huyo alizaliwa katika bonde la Duero, na nyuma ya nyumba yake alipanda vijiti vya mizabibu ya kwao, mstari kwa mstari. Mume wangu akitoka kazini alichora mto huo uani kwetu kwa ncha ya jembe, akinieleza: Huku juu usiku ni baridi hata wakati wa joto: hapa ni tinto fino, zabibu nyeusi, na albillo nyeupe kidogo katikati yake. Ukishuka unafika Rueda, udongo wa changarawe, verdejo nyeupe. Ukishuka tena ni Toro: tinto fino ileile, ila jua limeifanya ngozi kuwa nene, na wenyeji wanaiita tinta de Toro. Kisha mpaka, na mto unaingia kwa Wareno, ambao wanauita Douro, kwenye milima ya mawe, hadi baharini. Kuku akikanyaga Rueda alifukuzwa.

Na divai yenyewe alikuwa hajawahi kuionja. Sheria ya wakati ule ilimkataza Mwafrika. Jirani yetu, aliyefanya kazi kwenye treni, alimtania kila siku.

“Tata, unayua ukoo muzima ya mutu, na sura yake haujaiona.”

Mume wangu alimjibu kwamba siku atakayoionja, ataijua imetoka sehemu gani ya mto. Aliyasema hayo mbele ya watu, zaidi ya mara moja.

Katazo likaondolewa. Karibu na Noeli ya 1956 jirani alirudi kutoka kituo cha Mutshatsha na chupa kutoka duka la Mreno. Alikuwa ameifunga kitambaa, maandishi yasionekane. Akaniachia niitunze mpaka Jumapili baada ya ibada, na akaalika watu waje kuona kama mume wangu ataijua.

Hapo nilifanya kosa. Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, tunauweka penye joto ili uive. Nikaona chupa hii ni baridi mno, haitaiva. Jumapili alfajiri niliiweka kando ya mbabula, jiko letu la makaa, na ili kitambaa kisiungue nikakitoa. Nikasoma: Douro. Herufi mbili tu zilitofautiana na Duero, mto wetu wa uani. Nikaelewa kwamba ni ya kwa Wareno.

Watu wakaja, viti havikutosha. Jirani akasukuma kizibo ndani kwa mpini wa kijiko. Niliogopa aibu ya mume wangu kuliko dhambi ya kudanganya, basi nilipompa kikombe nikamnong'oneza, “Ya chini, ng'ambo ya mpaka.”

Akanywa. Ilikuwa ya moto kama chai. Akanywa tena, akatazama mto wake pale chini, akanitazama mimi.

“Mi sijue,” akasema. “Zabibu naziyua kwa majani na kwa kisu. Kwa ulimi, sijue.”

Jirani alicheka mpaka akakaa juu ya Toro. Wote wakacheka, na mume wangu kuliko wote. Kikombe kikazunguka, kila mmoja akikunja uso, ndipo nikaleta sukari, vijiko vinne, nikakoroga. Sasa ikanyweka. Mume wangu aliomba mara tatu. Usiku ule hakunilaumu, wala kesho yake. Alisema tu kwamba nimesoma vizuri.

Siku ya tatu ya matanga yake nilikuwa nimekaa kwenye mkeka kati ya mashemeji. Jirani aliingia na nguo za kazi, ametoka kwenye treni, chupa kama ile mkononi. Aliinama karibu nami, akaniuliza taratibu:

“Mama, sukari iko wapi?”

Nilimwonyesha rafu kwa kidole. Kisha nikacheka, mbele ya mashemeji wote.