Sura Niliyomwazima Binti Kina

Nakumbuka siku niliyofungua sanduku la mama yangu bila ruhusa yake, nikatoa humo picha ya dada yangu Zaituni. Ilikuwa picha ndogo, ile ya bilhete, kitambulisho cha huku kwetu Msumbiji. Kavaa mtandio mweusi, kaukaza mdomo kama mtu aliyekatazwa kucheka. Nilijiambia nitairudisha jioni. Mwanangu, maovu mengi huanzia kwenye neno hilo, nitarudisha.

Nakusimulia haya kwa sababu jana ulikuja na simu yako ukanionyesha michoro. Ulisema wewe na wenzako wa shule mnatengeneza mchezo wa simu, wa mtu anayetembea kwenye nchi isiyo na ramani, na wewe umepewa kazi ya kumbuni mtu huyo. Kisha ukaniomba, "Mjomba, nieleze mama alikuwa na sura gani, nimtie yeye." Nilikurudishia simu, ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Wewe ni mtoto wa Zaituni, una haki ya kuuliza kuliko mtu yeyote aliye hai. Ila jibu langu ni zito, na sitaki ulipate nusu.

Hapa Quionga tulikokimbilia watoto wananiita mzee. Sijafika hamsini. Wananiita hivyo kwa kuwa wale waliostahili jina hilo hawakufika huku.

Wakati ule tulikuwa Mocímboa. Nilikuwa kijana wa miaka thelathini, sijaoa, nafanya kazi kwenye duka la kutoa kopi karibu na soko. Nilichapa barua za watu, nikawapiga picha za vitambulisho. Mkono wangu ulijua kuchora tangu shuleni. Mama yako alikuwa ametutoka mwaka uliotangulia. Alikuwa akienda Mtwara kununua vitenge, na siku hiyo Rovuma ilikuwa imejaa. Mtumbwi ukapinduka katikati ya mto. Watu wanne waliokolewa, yeye hakuonekana. Wewe ulikuwa na miaka miwili, umelala mgongoni kwa bibi yako habari ilipofika.

Tulisoma khitma bila kaburi. Mjomba Sufo, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa akisimamia mazishi katika mtaa wetu, na siku hiyo alisema, "Tumeshamkabidhi kwa Mola wake. Yaishie hapa." Mama akakubali. Ilimchukua miezi, lakini akakubali. Akaanza kula tena.

Basi siku moja nikaona tangazo kwenye kompyuta ya dukani. Kuna vijana wa Maputo walikuwa wanatengeneza mchezo wa kuzunguka na kugundua nchi ya kubuni, wanatafuta mchoraji wa kuwaumbia mhusika mkuu. Nikawaandikia. Aliyenijibu aliitwa Edson, na masharti yake yalikuwa ya mtu anayeijua kazi. Mhusika awe mpya, asifanane na wa mchezo mwingine wowote. Ukimpaka weusi mtupu, umbo lake peke yake limtambulishe. Tena awe na sababu ya kutembea, maana mtu asiyetafuta kitu hakuna atakayemfuata.

Nilichora wiki tatu. Nikachora shujaa mwenye panga la moto, nikachora mzee mwenye mabawa, nikachora simba anayesimama kwa miguu miwili. Kila mara Edson alinijibu maneno yale yale: "Huyu nilishamwona." Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini zangu siku zile nilikuwa nimeziazima kwa watu.

Ndipo nikalifungua lile sanduku. Niliskani picha, sura ya Zaituni ikajaa kwenye kioo, nikaanza kuchora juu yake. Jicho la kushoto lilikuwa dogo kuliko la kulia, nikaliacha hivyo. Kovu la kuungua chini ya sikio nikaligeuza magamba, yakashuka mpaka begani. Nywele nikazifanya mwani unaoyumba hata maji yakitulia. Macho nikayatia rangi ya fedha. Nikamtwika tenga mgongoni, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutembea kwenye miji iliyozama baharini, akiokota vitu vilivyopotea na kuwarudishia wenyewe. Nikampa na matamvua ya samaki, apumue majini, kwa sababu dada yangu hakuwa nayo. Nikamwita Binti Kina.

Sijawahi kuchora vizuri vile, si kabla wala baada. Nililia nikichora, na nikadhani machozi ni ruhusa.

Safari hii Edson alipiga simu. "Momade, huyu simjui," alisema kwa Kireno, "wala hakuna anayemjua. Umemtoa wapi?"

"Kichwani," nikajibu.

Nikatia saini karatasi waliyoniletea, kwamba Binti Kina ni wao, uso na mwili. Picha nikaitia kwenye droo ya duka katikati ya vyeti vya watu, ili nikitakiwa kuchora tena iwe karibu.

Baada ya miezi kadhaa wakanitumia mchezo wa majaribio. Nilikimbia nao nyumbani kama mtoto aliyefaulu mtihani. Mama alikuwa anachambua mchele, nikamwekea simu mkononi. Aliitazama kitambo.

"Zaituni," akasema. Hakuwa anauliza.

"Ni mchoro tu, mama. Anaitwa Binti Kina."

"Nimemzaa mimi, Momade. Usinitajie jina jingine."

Nikamfundisha namna ya kumtembeza kwa kidole gumba. Sikujua kwamba Edson ameyaondoa yale matamvua. Baadaye alinieleza kuwa mchezo usio na hatari hauna ladha, basi wamempa pumzi yenye kikomo. Mama akamtembeza polepole mpaka kwenye nyumba zilizozama, pumzi ikaisha, na mbele ya macho yetu Binti Kina akashika koo, akapigapiga mikono, akalegea. Kioo kikawa cheusi. Kisha akatokea tena mlangoni pa pango, mzima, tenga mgongoni.

"Huku anarudi," mama akasema.

"Ndivyo mchezo ulivyo, mama."

"Basi kule kwa nini hakurudi?"

Nikauvuta ungo wa mchele, nikauchambua mimi.

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Mimi nilimdhani mama kapoa. Nikamwachia simu yangu ya zamani, nikiona namtendea wema, na toka siku hiyo hakuiweka chini. Alimwacha azame, akamngoja arudi, akamwacha azame tena. Akaanza kubakisha chakula cha mtu mmoja kwenye sufuria. Akawaambia majirani kwamba kuna mtu kamwona Zaituni kule Lindi. Na wewe alikupakata, akakuonyesha kioo: "Mamako huyu. Tazama, anakuja." Ukawa unambusu yule mwenye macho ya fedha.

Mjomba Sufo alinifuata dukani. Hakukaa kwenye kiti nilichompa.

"Momade, nimezika watu tangu wewe hujazaliwa," alisema. "Mtu hufa mara moja, na wafiwa hujikaza kwa kuwa wanajua ni mara moja. Wewe unamfisha dada yako kila siku mkononi mwa mama yake."

"Sikukusudia, mjomba."

"Najua. Ungekusudia, ningejua la kukufanya. Ulimwuliza nani kabla ya kuitoa sura ile? Zaituni si wako peke yako. Ana mama, ana mtoto, ana mimi. Sura ya marehemu ni amana ya nyumba nzima. Rudisha picha sandukuni, halafu kamwombe mama yako radhi."

Ningemsikiliza siku ile ile, leo ningekuwa na kitu cha kukupa. Lakini niliona aibu, nikatafuta njia ya mkato. Nikampigia Edson nikamsihi wambadilishe uso. Alinisikiliza kwa upole, akasema uso umeshatoka kwenye matangazo, na karatasi nilitia saini mwenyewe. Hakukosea. Basi siku mama alipokwenda shambani akaiacha simu nyumbani, nikaufuta mchezo. Alipogundua hakunigombeza. Alikaa kibarazani siku nyingi, simu mapajani, akisubiri. Mara hii nilikuwa nimemzamisha Zaituni mimi mwenyewe, kwa kidole changu, na hakukuwa na pango la kurudia.

Picha ikabaki kwenye droo. Nilisema kesho, nikasema mama akitulia. Kesho hizo zikawa miaka. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na haya yangu yalikuja na moto. Vita vikaingia Mocímboa. Duka la kopi liliungua lote, pamoja na kompyuta, droo ile na vyeti vya watu ambao sasa hawana cha kuonyesha kwamba walizaliwa. Mjomba Sufo alikataa kukimbia, akasema lazima abaki mtu wa kuzika. Hatukumwona tena. Safari ya porini unaikumbuka mwenyewe, na miguu yako ilivyovimba. Katika vitu vyote vya nyumba yake, mama alibeba sanduku.

Tulipofika hapa, kitu cha kwanza alichofanya ni kulifungua. Akatoa kanga, akatoa msahafu, akatoa cheti chako cha kuzaliwa, vyote vizima. Akapapasa chini. Akapapasa tena.

"Momade, picha ya dada yako iko wapi?"

Nikamwambia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ingekuwa humu," akafunga sanduku.

Hakumaliza mwaka. Alipokuwa mgonjwa kitandani aliniambia mimi, mchoraji, "Nichoree basi, nimwone." Nikashika kalamu. Nikashindwa, mwanangu. Kila nikianza hutoka yule mwingine, macho ya fedha, magamba begani. Nikiyafuta magamba, unabaki uso usio wa mtu yeyote. Bibi yako alizikwa hapa Quionga bila kuuona tena uso wa mwanawe. Hata Binti Kina mwenyewe hayupo, simu za siku hizi hazimfungui. Lakini kichwani mwangu amekaa pale alipokuwa Zaituni, na hatoki. Watu husema mtoto hufanana na mama yake. Wewe umefanana na baba yako mpaka kucha.

Nilichobaki nacho nakupa. Mama yako alishona huku akiongea, sindano midomoni. Akisema uongo alishika sikio. Alipenda kujipaka usoni msiro, ule urembo mweupe wa mti uliosagwa, na ukikauka alikataza watu wasimchekeshe. Sura sina. Niliipoteza mimi, na sijawahi kukuomba radhi. Nakuomba leo. Ukikataa, una haki.

Nasaha yangu ni hii. Huyo mtu wako wa mchezo mtoe kwenye mambo usiyoyaomboleza. Tazama kaa anavyokimbia upande, tazama wafanyakazi wa Afungi, kule kwenye gesi, wanavyotembea na yale mabuti mazito, changanya, pindua, mpaka apatikane ambaye hana deni la uso kwa mtu. Ukijikuta umeshika sura ya mtu wa kweli, simama. Waulize wenye mtu huyo, wote, hata yule unayemwogopa. Ujue kwamba ukishaitoa haitakurudia kama ilivyokuwa, maji yakimwagika hayazoleki. Na kabla hujabuni yeyote, wachore walio hai jinsi walivyo, bila magamba wala mabawa. Karatasi hizo ziweke mahali unapoweza kuzibeba, kwa maana hakuna aliyetuahidi kwamba hatutakimbia tena. Ukiazima, rudisha siku ile ile. Usingoje mtu atulie.

Mola akupe mkono mwepesi na moyo unaojua kuuliza. Akuhifadhie unaowapenda, na sura zao ndani yako. Akukutanishe na mama yako siku ambayo hakuna atakayehitaji picha ili kumtambua mwenzake. Amin.