Vidole vya Papa Évariste

Papa Évariste, aliyekaa ghorofa iliyo juu yetu hapa Hillbrow, alifanya kazi Turffontein, kwenye yadi inayopokea takataka za viwandani: mawe meusi yanayobaki shaba ikishayeyushwa, na mawe ya kunolea yaliyovunjika. Vyote vilisagwa, vikaoshwa, sumaku ikatoa chuma, vikachekechwa. Chenga zilizobaki ziliuzwa kwa watengeneza msasa.

Kazi yake ilikuwa kuzipima chenga kwa vidole. Alizisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akasema: hizi za mbao, hizi za chuma, hizi rudisheni. Glavu alipewa, akazivua.

"Glavu inapofusha minwe," alisema.

Nikamwambia vidole vyake vikiisha asije kunililia. Nina mdomo, najua.

Mwaka 2017 kibali chake cha ukimbizi kilikaribia kwisha. Ofisini akaweka vidole kwenye mashine, mashine haikuona kitu. Alama zote za vidole zilikuwa zimelika. Bila alama hakuna kibali, na bila kibali yadi haimweki. Karani akamwambia apumzishe mikono, arudi mwezi unaofuata.

Victorine, mkewe, alimpaka vaselini, akamfunga vitambaa, akamlisha kwa kijiko. Mimi nilichemka kwa hasira kwa niaba yao. Papa Évariste mwenyewe alikaa tu dirishani.

"Papa Évariste, hauogope?"

"Siko nasikia kitu, Maman Denise. Minwe, roho, yote sawa tu."

Hapo ndipo nilipoogopa mimi.

Ngozi ikaota. Mashine ikamkubali, akapewa kibali cha miezi sita, kisha aje kuweka vidole tena. Kanisani tulipiga vigelegele. Yeye alisimama kama mtu anayengoja robot, taa ya barabarani, ibadilike rangi.

Jumatatu akarudi yadini. Jioni alipita kwangu, akanionyesha vidole vyekundu. Chenga zilikuwa zimemchoma kama pilipili. Machozi yalimlengalenga, na tangu nimfahamu sikuwahi kumwona hivyo.

"Vaa glavu basi," nikamwambia. "Nakuomba."

"Nilivaa. Nikakosea chenga, bosi akaona. Akasema kama siwezi tena, wengine wako kwenye geti."

"Ukafanya nini?"

"Nikavua."

Alivitazama vile vidole, akavipuliza polepole.

"Karatasi iko ya miezi sita, Maman Denise," akasema. "Hii ngozi haitafika."