Kumsindikiza Mama Trésor

Cécile alikuja Sydney kumtembelea mwanawe Égide kwa miezi mitatu, na mwezi wa kwanza wote aliumaliza ndani, akitazama televisheni asiyoielewa. Ana miaka sitini na minne. Égide anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, anatoka asubuhi na kurudi jioni. Mimi ni jirani yao hapa Fairfield. Kiwandani naingia zamu ya alfajiri, saa nane mchana nimeshatoka, ndiyo maana Égide aliniomba nimfundishe mama yake kupanda treni.

Mama hakutaka kuona daraja kubwa wala bahari. Alitaka Blacktown tu, kwa Mama Trésor, jirani yake wa kambi ya wakimbizi kule Kigoma, ambaye hakuwa amemwona kwa miaka kumi na saba.

Mimi njia za treni zilinichukua mwaka mzima, kwa sababu naona haya kuuliza watu. Yeye zilimchukua siku moja. Maandishi madogo hayaoni, basi akatoa rozari. Kutoka Fairfield, kila kituo punje moja. Zikiisha Salamu Maria kumi, ile punje ya Baba Yetu ndiyo Blacktown.

"Baba Armelle," akaniambia, "hawa waliojenga reli walikuwa Wakatoliki."

Alipenda kukaa juu, maana treni za hapa ni za ghorofa, na alimsalimia kila aliyepanda. Wengi waliitikia, wengine wakaondoa simu masikioni kwanza.

Égide akampa siku moja kwa wiki, Jumatano, kwa sharti moja: saa kumi jioni awe ameshashuka Fairfield. Akichelewa mara moja tu, safari zimekwisha. "Mgeni akipotea hapa, mimi ndiye nitakayeulizwa," alisema.

Jumatano ya kwanza nilimngojea kituoni. Saa kumi kasoro dakika tano alishuka, na nyuma yake akashuka mwanamke mwingine, taratibu, ameshika magoti.

"Shikamooni, mama zangu. Mbona wawili?"

"Kanisindikiza," alisema Cécile.

"Ningemwacha mlangoni?" aliuliza Mama Trésor. "Nikasema nimfikishe kituoni. Tukafika, maneno hayajaisha. Nikapanda."

Nilidhani ndiyo mwisho. Cécile akamtazama mwenzake, akayatazama na yale magoti. "Sasa huyu arudi peke yake?"

Kabla sijapata la kusema, walikuwa wameshavuka kwenda upande wa pili wa reli. Mimi kuwazuia wanawake wawili wa umri wa mama yangu siwezi. Nikapanda nao. Viti vya treni za hapa mgongo wake hugeuzwa; wakageuza mmoja ili watazamane, wakaendelea pale walipoishia.

Tulipofika Merrylands simu yangu ililia. Égide alikuwa amerudi mapema, kakuta mlango umefungwa.

"Kaka, mama yuko wapi?"

"Tuko naye."

"Mko wapi?"

"Kwenye treni. Tunamsindikiza Mama Trésor."

"Si mama ndiye mgeni wa kusindikizwa?"

"Ndiyo. Ameshasindikizwa."

Akakata simu. Nikajua Jumatano zimeponyoka. Na hawa wawili, tukifika Blacktown, Mama Trésor angeinuka tena kumrudisha mgeni wake. Ikabidi niseme.

"Mama zangu, kule nyumbani mgeni mlikuwa mkimsindikiza mpaka wapi?"

"Mpaka mtoni," alisema Cécile.

"Halafu?"

"Halafu kila mtu anakwenda kwake."

"Basi hapo mbele ni Parramatta. Mto upo."

Walitazamana. "Kumbe anaongea," alisema Mama Trésor.

Tulishuka Parramatta wote watatu. Kuagana peke yake kulipitisha treni mbili. Mama Trésor akaendelea Blacktown, sisi tukarudi. Fairfield tulifika saa kumi na mbili kasoro robo, na Égide alikuwa amesimama kwenye geti la nyumbani na sare yake ya kazi.

"Mama, tulikubaliana nini?"

"Saa kumi. Na saa kumi nilikuwa nimeshashuka Fairfield, muulize jirani yako." Akashusha kikapu. "Nilipolazwa kule kambini, wewe ulikula kwa nani miezi miwili? Nimwache kituoni kama mzigo?"

Égide akauliza, "Na yeye amefika?"

Hakuna aliyejua. Akampigia. Mama Trésor ana sauti, hata mimi nilimsikia: "Nimefika, nimevua na viatu. Égide, siku hizi wewe ni askari wa treni? Nilikuosha mwenyewe kwenye beseni."

Égide akacheka hadi akaegemea geti. Alipokata simu alisema, "Sawa. Jumatano zipo. Lakini mwisho ni Parramatta, na mnaanza kuagana saa nane."

Jumatano iliyofuata waliagana kuanzia saa nane kamili. Cécile alishuka Fairfield saa kumi kasoro dakika mbili, peke yake, na hakuwa na haraka hata kidogo.