Kompyuta ya Bahati Iliwaka Bila Diski

Cheka kama unataka. Haya niliyaona kwa macho yangu, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu, na uchungu wake haujaniisha mpaka leo.

Mimi ni Mkongo wa Fizi. Kambini Nakivale, kwenye kambi ya wakimbizi kule Uganda, nilikuwa fundi wa chumba cha kompyuta. Kompyuta zetu, za mfumo wa Unix, hazikuwa na diski ndani. Zote ziliungwa kwa waya na seva moja pembeni, kompyuta mama yenye diski, na humo kila mtu alikuwa na sehemu yake ya kuhifadhi vitu. Seva ikizimwa, zote ni maboksi tu. Shika hilo, maana ndilo kisa chenyewe.

Bahati, mama wa kwetu, alipenda kompyuta ya dirishani. Vita vilimtenganisha na mwanawe akiwa mdogo sana. Basi alijirekodi sauti, akaihifadhi kwenye sehemu yake, akimtajia majina ya babu zake wote, ili siku akionekana ajue yeye ni wa nani. Kisha homa ikamchukua, hospitalini Mbarara.

Siku zilezile diski ya seva ikajaa. Msimamizi wetu, Mganda mmoja mwenye haraka, akaniambia, "Ssebo, bwana, huyo mama alikufa. Toa vitu yake, tupate nafasi."

Nikamwomba asubiri. Kwetu, kabla matanga hayajaondolewa, hata mkeka wa marehemu hausogezwi. Akacheka. "Kwani maiti anatumia kompyuta?" Akakaa, akafuta mwenyewe. Nakala nyingine haikuwepo. Diski ya akiba tulikuwa tumeiomba mpaka tukachoka.

Kesho yake diski ikaanza kugonga ndani, ikafa. Nikazima seva, nikaichomoa na kuifunga kwa kitambaa niipeleke kwa fundi mjini. Nilitumaini huenda ataipata na sauti ya Bahati. Mvua ikanizuia mlangoni.

Ndipo kompyuta ya dirishani ikawaka. Niambie wewe, iliwakaje, na diski ninayo mkononi? Nikageuka. Bahati alikuwa ameketi pale na kitenge chake cha njano, amenipa mgongo. Niliogopa, sikufichi.

"Kaka," akasema, "bameondoa fasi yangu. Mutoto akikuya, utamuambia nini?"

Akaanza kutaja majina. Asukulu. Mlondani. Etabo. Mvua ikazidi juu ya mabati, sauti yake nikaisikia lakini maneno yakanipotea. Nikamsogelea nisikie vizuri. Nikakuta kiti kitupu na skrini nyeusi.

Yule fundi wa mjini, kule Kakiika, alifanikiwa kutoa vitu vya watu wote. Vya Bahati havikuwemo. Nilimsumbua atafute tena na tena, hadi akanifukuza.

Na mtoto alikuja, niamini. Kijana mrefu, alishukia Rwekubo, karibu na kambi, akiuliza jina la mama yake, watu wakamleta kwangu. Nikampa majina matatu. Akangoja.

"Na ingine?" akaniuliza.

Msimamizi alipandishwa cheo. Mimi niliiacha kazi ile, na mvua ikipiga mabati natoka nje, heri nilowe. Wewe unayetunza vitu vya watu, nakuonya: kabla hujafuta cha marehemu, jiulize ni nani yuko njiani kukichukua.

Yule kijana sasa analima karibu na kwangu. Kila tukikutana huniuliza kama nimekumbuka jina lingine.